Kibali, leseni na mshahara: mageuzi ya uhamiaji yanavyougusa uchumi

Mwishoni mwa Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia watu wasio raia wa Tanzania kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, usafi wa nyumba na ofisi, uongozaji wa watalii, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani na udalali wa nyumba. Maduka makubwa ya kujihudumia yaliachwa nje ya katazo, na saluni zilizomo hotelini pia. Mgeni atakayekaidi aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi, na raia atakayemsaidia naye akawekewa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waliipokea amri hiyo kwa shangwe. Jijini Nairobi amri hiyo ilipokewa kwa malalamiko, kwa sababu ilionekana kuwagusa hata Wakenya wanaofanya biashara Tanzania chini ya mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki.

Mjadala uliofuata ulikuwa na pande mbili ambazo hazikukutana popote. Wa kwanza walisema wageni wanachukua riziki ya wazawa. Wa pili walisema wageni wanaleta mitaji na ajira. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa kuwa zinahusu watu tofauti walio katika mtaa uleule. Lakini zote zinaliruka swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi: sheria ya uhamiaji inapobadilishwa, ni kitu gani hasa kinabadilika katika uchumi? Uzoefu wa nchi nyingi, pamoja na wa kwetu, unaonyesha kwamba sheria hizi mara chache huamua kama wageni watakuwapo au hawatakuwapo. Huamua zaidi wawepo kwa hadhi gani, na hadhi hiyo ndiyo inayogawa mishahara, kodi na nguvu ya kujadiliana bei kati ya mgeni, mzawa, mwajiri na serikali.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana watu wengi huuchanganya. Mgeni anayetaka kufanya kazi Tanzania Bara anahitaji vibali viwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, ambayo iliweka mamlaka hayo mahali pamoja baada ya miaka mingi ya kutawanyika katika taasisi mbalimbali. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji au aliyejiajiri, daraja B kwa mwajiriwa, daraja C kwa wanafunzi, watafiti, wamishenari na wengine wa namna hiyo. Anayefungua biashara huhitaji tena leseni na namba ya mlipakodi. Kwa hiyo tunaposema “mageuzi ya uhamiaji” tunazungumzia mambo mengi kwa pamoja: ada za vibali, muda wa kibali, idadi ya wageni ambao kampuni inaruhusiwa kuwaajiri, aina za kazi zilizofungwa, na wepesi au uzito wa kuvipata vyote hivyo. Kila kimoja kina athari yake, na mara nyingine athari hizo huvutana. Mwaka 2022, kwa mfano, sheria mpya ya uwekezaji iliongeza idadi ya wageni ambao mwekezaji mwenye cheti anaweza kuwaleta mwanzoni kutoka watano hadi kumi. Miaka mitatu baadaye ikaja amri ya biashara 15. Nchi ileile ilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine, na si lazima iwe ilijipinga, kwa sababu wageni wa mlango wa kwanza hawafanyi kazi zilezile za wageni wa mlango wa pili.

Ili kuona jinsi hayo yanavyofanya kazi, tuitazame fremu moja ya duka ya Kariakoo, tuseme katika mtaa wa Narung'ombe, ambako mgeni mwenye uhusiano wa moja kwa moja na kiwanda cha Guangzhou, China, anauza mikoba ya wanawake. Kontena lake linapofika bandarini linampa kazi wakala wa forodha, kisha dereva wa lori, kisha makuli wanaoshusha mzigo usiku na kuupandisha stoo ya ghorofa ya tatu. Mwenye jengo anapokea kodi ya pango, na aliyemwachia fremu huenda alipokea kilemba kikubwa kabla ya hapo. Mawinga wanamletea wateja kutoka Mwanza, Lubumbashi na Bujumbura na kupata chao kwa kila mzigo unaouzwa. Machinga anachukua dazeni mbili kwa mali kauli asubuhi na kurudisha hela jioni. Watu wote hawa kazi yao inakamilishana na ya mgeni: mzigo wake ukiongezeka, na kipato chao kinaongezeka. Wanunuzi nao, kuanzia mwenye duka wa Mbagala hadi mama anayenunua mkoba mmoja wa sikukuu, wanapata bei ya chini.

Anayeumia katika picha hii ni mtu mmoja mahususi: Mtanzania ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikata tiketi ya ndege kwenda Guangzhou au Yiwu, akalala hoteli za bei nafuu, akabishana na viwanda kupitia mkalimani, akajaza nusu ya kontena kwa kushirikiana na wenzake na kuja kuuza jumla. Faida yake ilitokana na pengo kati ya bei ya kiwandani na bei ya Kariakoo. Mwenye kiwanda anapokuja kukaa mwenyewe Narung'ombe, pengo hilo linafutika. Kazi ya mwagizaji na kazi ya mgeni zinagombea nafasi moja, na hakuna maneno ya faraja kuhusu “uchumi kwa ujumla” yatakayomrudishia mtaji wake.

Sasa mgeni huyo akianza kuuza pisi moja moja kwa mpita njia, hesabu inabadilika kabisa. Machinga aliyekuwa mteja wake anakuwa mshindani wake, mwenye duka dogo la mtaa wa pili anakosa sababu ya kuwapo, na winga hana tena mtu wa kumpeleka. Malalamiko ya Kariakoo yalichemka hasa hapo, pale wageni walipoonekana wakiuza rejareja. Hilo linatufundisha kitu ambacho amri ya 2025, kwa kufunga jumla na rejareja kwa pamoja, haikukipa uzito: mpaka kati ya jumla na rejareja unaweza kuwa na maana kubwa zaidi kwa kipato cha mzawa kuliko mpaka kati ya raia na asiye raia. Laiti wizara ingeanza na rejareja peke yake, ikapima matokeo kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuigusa jumla, tungekuwa leo na ushahidi badala ya makisio.

Watu wengi wanaufikiria uchumi kama sinia moja la pilau, ambalo kila anayekaribia anapunguza fungu la waliotangulia. Lingekuwa hivyo kama anayekuja angekula tu. Lakini mgeni anapanga nyumba, ananunua chakula, analipa ada ya shule, anatengeneza gari gereji, na fedha hizo zinazaa kazi ambazo hazikuwapo. Hata hivyo si sahihi kusema kwamba sinia linapanuka kwa kila mtu kwa kiasi kilekile. Wachumi wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na ubishi wao maarufu kuliko wote unahusu mji wa Miami.

Mwaka 1980 serikali ya Cuba iliwaruhusu watu kuondoka kupitia bandari ya Mariel, na ndani ya miezi michache Wacuba wapatao 125,000 waliingia Marekani, wengi wao wakabaki Miami. Nguvu kazi ya mji iliongezeka kwa karibu asilimia 7 ghafla. Mwaka 1990 mchumi David Card, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, alichapisha utafiti uliolinganisha Miami na miji mingine isiyopata wimbi hilo. Hakukuta dalili ya maana kwamba mishahara au ajira za wenyeji wasio na ujuzi mkubwa zilishuka. Miaka mingi baadaye George Borjas aliichambua upya takwimu ileile, safari hii akiwatazama tu wanaume wasio na asili ya Kilatino ambao hawakumaliza sekondari. Yeye akakuta mishahara yao ilishuka kwa kati ya asilimia 10 na 30. Giovanni Peri na Vasil Yasenov wakarudia tena kwa kundi pana zaidi na hawakuona anguko hilo.

Mtu anaweza kukata tamaa na kusema wachumi hawajui lolote. Mimi nasoma kitu kingine hapo. Ubishi wao ni juu ya kundi dogo sana, watu wa elimu ya chini kabisa, wanaofanana mno na wageni waliofika. Kuhusu wafanyakazi wengine wote wa Miami hakuna aliyeona janga. Maana yake ni kwamba swali la “wageni wanapunguza mishahara?” halina jibu moja, kwa sababu jibu linategemea umbali kati ya kazi ya mgeni na kazi yako. Fundi simu wa Kariakoo na fundi simu aliyetoka nje ya nchi wako karibu sana. Mhandisi wa reli kutoka Uturuki na kibarua wa Kitanzania anayefunga nondo chini yake hawagombei nafasi. Wa pili ana kazi kwa sababu wa kwanza yupo.

Upande wa pili wa sarafu ni kuwaondoa wageni, na hapa historia ina mfano mzuri ambao haujulikani sana kwetu. Kuanzia mwaka 1942 Marekani iliwaingiza vibarua wa mashambani kutoka Mexico kwa mikataba ya muda, katika mpango ulioitwa Bracero. Katikati ya miaka ya 1950 waliingia zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Wanasiasa na vyama vya wafanyakazi walidai kwamba vibarua hao wanawashusha mishahara Wamarekani wa mashambani, na mwishoni mwa 1964 mpango ukafutwa. Matarajio yalikuwa wazi: mkulima akikosa Wamexico atalazimika kuwalipa wazawa zaidi.

Haikutokea hivyo. Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walipolinganisha majimbo yaliyotegemea sana vibarua hao na yale ambayo hayakuwategemea, katika utafiti uliochapishwa 2018, hawakuona kwamba mishahara ya wazawa ilipanda zaidi pale vibarua walipoondoka. Wakulima walikuwa na njia nyingine. Chuo Kikuu cha California mjini Davis kilikuwa tayari kimebuni mashine ya kuvuna nyanya za kiwandani, pamoja na aina ya nyanya ngumu yenye kuiva kwa pamoja isiyopasuka ndani ya mashine. Vibarua walipokuwapo, mashine hiyo ilikuwa ghali kuliko mikono. Walipoondoka, hesabu ikageuka, na miaka michache baadaye karibu nyanya zote za kiwandani za California zilikuwa zinavunwa kwa mashine. Mazao yasiyo na mashine, kama stroberi na mboga za majani, wakulima wengine waliyapunguza. Nafasi za vibarua hazikuhamia kwa wazawa, zilitoweka.

Hilo halina maana kwamba kumwondoa mgeni hakumsaidii mzawa kamwe. Lina maana kwamba mwajiri au mteja ana njia zaidi ya moja ya kuziba pengo, na kumwajiri mzawa kwa mshahara wa juu ni njia mojawapo tu. Anaweza kununua mashine, kupunguza kazi, kuhamia kwingine, au kuendelea vilevile kwa siri. Jirani zetu Uganda walilipa gharama kubwa zaidi: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, maduka na viwanda vyao vikagawiwa kwa watu wasiokuwa na mikopo ya wauzaji wa nje, vipuri wala mtandao wa wasambazaji, na rafu zikakauka. Miaka mingi baadaye serikali ya Museveni iliwaita warudi na kuwarejeshea mali zao.

Kinyume cha kuwaondoa ni kuwahalalisha. Mwaka 1986 Marekani ilipitisha sheria iliyowapa hadhi halali watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi humo bila vibali. Tafiti nyingi zilizowafuatilia zilikuta mishahara yao ikipanda, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Mfanyakazi asiye na kibali hawezi kumshtaki mwajiri anayemdhulumu, hawezi kuhama kwenda penye malipo bora kwa hofu ya kukaguliwa, na hana sababu ya kujigharamia mafunzo ya kazi ambayo kesho anaweza kuipoteza. Akipata karatasi, anapata sauti. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba mzawa anayefanya kazi pembeni yake naye anapumua, kwa sababu mwajiri hana tena mtu wa kumtishia naye.

Sheria hiyo hiyo ilishindwa upande wa pili. Iliahidi kuwaadhibu waajiri wanaowaajiri wasio na vibali, lakini ukaguzi ulikuwa hafifu na vyeti vya kughushi vilipatikana kwa urahisi, huku njia halali za kuingia kwa wafanyakazi wapya zikibaki finyu. Mahitaji ya kazi yakaendelea kuwavuta watu. Idadi ya wasio na vibali, iliyokadiriwa kuwa takriban milioni 3.5 mwaka 1990, ilifika kama milioni 12 mwaka 2007.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kuhalalisha. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, katika mikoa ambayo leo ni Katavi na Tabora. Walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajitegemea kiasi kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisitisha misaada yake kwao. Lakini hadhi yao iliwabana: bila ruhusa hawakuweza kutoka nje ya makazi, kwa hiyo mkulima alitegemea mnunuzi anayemfuata alipo na bei anayokuja nayo. Mwaka 2007 Tanzania iliwapa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia, na wapatao asilimia 80 wakachagua uraia. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, na baada ya ucheleweshaji wa miaka kadhaa vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Ninalitaja hili kwa fahari, kwa kuwa ni nchi chache duniani zilizowahi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi namna hiyo kwa pamoja. Kiuchumi, serikali haikumwongeza mtu hata mmoja katika idadi ya waliokuwapo. Ilichobadilisha ni uwezo wa watu walewale kusafiri, kukopa, kusajili biashara na kupeleka mazao wanakotaka.

Kuna pia suala la muda, ambalo siasa hulikwepa kwa sababu uchaguzi huja kila miaka mitano. Mwaka 2013 Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 muswada mpana wa mageuzi ya uhamiaji, ambao Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kamwe. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la huko ilikadiria kwamba muswada huo ungeukuza uchumi kwa asilimia 3.3 zaidi kufikia 2023 na asilimia 5.4 zaidi kufikia 2033. Mshahara wa wastani ungekuwa chini kwa asilimia 0.1 mwaka 2023, kisha juu kwa asilimia 0.5 mwaka 2033. Mantiki yake ni kwamba wafanyakazi huingia leo ilhali mitambo, ofisi na barabara zinazowahitaji hujengwa kesho. Katika kipindi cha katikati watu wengi hugawana vitendea kazi vichache na mshahara hupungua kidogo. Mitaji ikishafika, hupanda. Anayepima mageuzi kwa mwaka wa kwanza peke yake atayalaani hata yale yenye manufaa, na anayeyapima kwa miaka ishirini tu atakuwa amemsahau aliyefilisika katika mwaka wa pili.

Tena mageuzi yanaweza kuzaa kinyume cha kilichokusudiwa. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya kwa sehemu kubwa ili kupunguza wahamiaji, na uhuru wa Wazungu wa bara kuingia kufanya kazi ulikoma mwishoni mwa 2020. Mwaka 2021 kulitokea uhaba wa madereva wa malori uliofikia hatua ya vituo vya mafuta kukauka. Hospitali na nyumba za kutunzia wazee zikaajiri kutoka India, Nigeria na Zimbabwe, wanafunzi wakaongezeka, na ongezeko halisi la wahamiaji likapita watu 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kabla ya masharti kukazwa tena. Mahitaji ya uchumi yalibaki palepale. Sheria ilibadilisha tu nchi wanakotoka wafanyakazi.

Nirudi Kariakoo, kwenye swali la hadhi. Kabla ya amri ya 2025 wapo wageni waliofanya biashara kwa jina la mzawa, na kila mtu sokoni anaujua mtindo huo. Leseni, namba ya mlipakodi na mashine ya EFD ya kutolea risiti vinasomeka jina la kijana wa Kitanzania. Mzigo, mkataba wa stoo na mauzo ya kweli ni vya mtu mwingine. Kijana analipwa kiasi fulani kwa mwezi kwa ajili ya jina lake. Katazo kamili linaipandisha bei ya jina hilo, na bei ikipanda wapo watakaoliuza licha ya faini. Kwa mgeni, hiyo ni kodi mpya isiyofika Hazina. Kwa kijana, hatari ni kubwa kuliko anavyodhani: mauzo yakifichwa, deni la kodi na riba yake linasimama kwa jina lake, na siku mgeni akifunga safari maofisa wanamkuta yeye. Huyu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi katika jambo hili lote. Sheria iliyokusudiwa kumlinda inaweza kumwacha na deni la mzigo ambao hakuwahi kuumiliki.

Hazina nayo ina hesabu yake. Mgeni mwenye daraja B aliyeajiriwa kihalali anakatwa kodi ya mshahara ambayo kwa ngazi ya juu hufika asilimia 30, na mwajiri wake analipa ada za vibali na michango. Mgeni aliyejificha nyuma ya jina halipi chochote cha namna hiyo. Kwa hiyo tofauti kubwa ya mapato ya serikali haiko kati ya kuwa na wageni na kutokuwa nao. Iko kati ya mgeni anayeonekana na asiyeonekana.

Sheria ya 2015 ilikuwa na kipengele kizuri ambacho hakijapewa nguvu inayostahili: mwajiri wa mgeni anatakiwa kuwa na mpango wa kumfundisha mzawa ili airithi nafasi hiyo. Kipengele hicho kinamgeuza mgeni kutoka mshindani kuwa mwalimu, angalau kwenye karatasi. Katika utekelezaji, mipango mingi huandikwa wakati wa kuomba kibali na kufunguliwa tena wakati wa kuomba kukihuisha. Kama kukihuisha kungefungwa na ushahidi kwamba mzawa aliyetajwa mwanzoni ameshapanda ngazi fulani, manufaa yangepimika kwa majina ya watu.

Liko pia suala la ujirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 2010, na inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kufanya kazi na kuanzisha biashara kwa ratiba ambazo kila nchi ilijiwekea. Amri iliyoandikwa kwa maneno “asiye raia” bila kumtofautisha Mkenya, Mganda au Mrundi na mtu aliyetoka mabara mengine inawapa majirani sababu ya kujibu kwa namna ileile. Kariakoo ingeumia mapema katika hali hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya wateja wake wa jumla wanatoka nje ya mipaka, na Watanzania wengi wana maduka, malori na mashamba katika nchi jirani. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeshangilia mlango wa nyumbani kufungwa ni yuleyule anayehitaji mlango wa Lusaka uwe wazi.

Kuhusu utekelezaji, msako wa mtaa kwa mtaa utawanasa wachache na kuwafundisha wengine kujificha vizuri zaidi, na ipo njia iliyo karibu zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kuwasilisha kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidi au kuidhibiti kampuni, hata kama majina yao hayamo kwenye hisa. Wajibu huo unazihusu kampuni, na kijana mwenye leseni yake binafsi na fremu moja ya mikoba hauwezi kumfikia. Serikali ikiupeleka wajibu huo pia kwenye leseni binafsi za jumla na kwenye mikataba ya pango ya Kariakoo, mwenye jengo atatakiwa kuandika ni nani hasa anayelipa kodi ya fremu na stoo, na maofisa wa kodi wataweza kuilinganisha karatasi hiyo na nyaraka za forodha za kontena lililoshusha mzigo. Mgeni ambaye sheria inamruhusu kuwapo atasajiliwa kwa jina lake na kulipa kodi kwa jina lake. Asiyeruhusiwa atatambuliwa kwa nyaraka. Na deni la mzigo litamwendea mwenye mzigo.